Mafuta yaliyobaki kwenye tangi kuukuu: ya juu ni mali, ya chini ni deni

Anayeishi Kipevu haishi mbali na mafuta. Meli zinayashusha hapa, na tangu 2022 gati jipya la mafuta linaweza kuhudumia meli nne kwa wakati mmoja. Kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi cha Changamwe kilianza kazi 1963, kikaacha kusafisha 2013. Mitambo ya umeme ya Kipevu nayo imechoma mafuta mazito kwa miaka mingi, yale ambayo lazima yapashwe moto kwanza ndipo yatiririke kwenye bomba. Hayo ni mafuta ya wakubwa. Yana wahandisi wake, walinzi wake na magari yake ya zimamoto.

Leo nataka tuzungumze juu ya matangi madogo yasiyokuwa na mlinzi. Yako nyuma ya nyumba za zamani, nyuma ya magorofa ya kupangisha, kwenye bekari zilizofungwa na gesti ambazo jenereta zake zilikufa siku nyingi. Mwenye nyumba alinunua jenereta wakati umeme unapotea kila wiki, akatengenezewa tangi la chuma, akalijaza dizeli. Baadaye jenereta ikaharibika, au mwenyewe akafariki, au biashara ikahamia ng'ambo ya Makupa. Tangi likabaki pale, na mafuta ndani yake.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara, kwa kuwa nimefanya kazi za injini za dizeli maisha yangu yote, ni hili: je, hayo mafuta bado yanafaa? Jibu langu huwa lile lile. Ya juu mara nyingi yanafaa. Ya chini hayafai, na ndiyo yatakayokugharimu. Ukiyachukua ya juu ukaacha ya chini, hujamaliza kazi. Na ukiuza ya juu kwa mtu atakayekuachia ya chini, basi umeuza mali ukabaki na deni.

Mwezi uliopita nyumba moja ya zamani mtaani kwetu ilikuwa inauzwa. Mwenyewe alishatangulia mbele ya haki, na warithi ni wanawe. Nyuma ya nyumba kuna tangi la mstatili, limepata kutu kwa nje lakini halivuji. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja akawaambia: nawapa elfu kumi, nachukua tangi na vilivyomo, vijana wangu watalikata hapa hapa uani. Binti mkubwa wa marehemu akaniita.

"Kaka, wewe unayajua mambo haya. Hii bei ni sawa?"

"Dada, bei tutaijua tukipima," nilimwambia. "Lakini hilo la kukata hapa hapa, hata akupe laki, usikubali."

Nitaeleza sababu ya hayo yote mawili, hatua kwa hatua, ili yeyote mwenye tangi la namna hii ajue la kufanya.

Kwanza, jua ni mafuta gani

Usiamini maneno ya mtu. Watu husema "ni dizeli" kwa kuwa jenereta ilikuwa ya dizeli, lakini tangi lililokaa miaka kumi huenda lilitiwa vitu vingine. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, uitazame kwenye mwanga wa jua. Dizeli nzuri ina rangi ya manjano hafifu na unauona mkono wako upande wa pili. Mafuta taa ni mepesi zaidi na harufu yake tunaijua sote. Oili chafu ya injini ni nyeusi na nzito. Ukisikia harufu kali ya petroli, funika, ondoka, na umwite mtaalamu. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 hivi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali. Dizeli iliyotiwa petroli hata kidogo si dizeli tena kwa upande wa hatari.

Pili, elewa kwa nini maji yamo

Hata kama hakuna aliyemwaga maji ndani ya tangi lako, maji yamo. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Mchana tangi linapata joto na hewa ya ndani inatoka kupitia bomba la kupumulia. Usiku linapoa na kuvuta hewa mpya yenye unyevu. Unyevu ule unaganda kwenye kuta za chuma kama umande, unateremka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini. Kila usiku tone mbili tatu, kwa miaka kumi, ni ndoo nzima. Tangi lililo nusu hukusanya maji mengi kuliko lililojaa, maana lina nafasi kubwa ya hewa.

Yeyote aliyewahi kuacha tui usiku kucha analijua jambo hili. Asubuhi zito liko juu na maji yako chini. Tofauti ni kwamba kwenye tangi, pale maji yanapokutana na dizeli, vijidudu huota. Vinaishi ndani ya maji na kula dizeli. Vinatengeneza utando mweusi wenye utelezi na asidi inayokula chuma kuanzia chini. Ndiyo sababu matangi mengi huanza kuvuja kwenye sakafu yake, mahali ambapo huoni, wakati kuta bado zinaonekana imara.

Tatu, pima kabla ya kuzungumza bei

Vifaa ni vichache: fimbo ndefu iliyo safi, utepe wa kupimia, na ile dawa ya kupimia maji ambayo wahudumu wa vituo vya mafuta hupaka kwenye fimbo. Dawa ile hubadilika rangi ikigusa maji na haibadiliki kwenye dizeli. Teremsha fimbo taratibu hadi iguse sakafu ya tangi, subiri kidogo, ipandishe. Utasoma mambo mawili: kina chote cha kilichomo, na kina cha maji.

Tangi la yule dada lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 80. Zidisha, unapata 9,600. Kila lita ni sentimita za ujazo 1,000, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 9.6. Fimbo ilionyesha kina cha sentimita 46, na maji sentimita 7. Jumla ilikuwa lita 441 na kitu. Katika hizo, lita 67 ni maji na tope. Juu ya maji nikaacha sentimita 5 nyingine bila kuzigusa, lita 48, kwa sababu hapo ndipo ule utando ulipo. Zikabaki sentimita 34 za dizeli ya kuokolewa, yaani lita 326.

Sasa chukua bei ya dizeli ambayo EPRA hutangaza kila tarehe 14 ya mwezi, uzidishe. Hata ukiihesabu dizeli hiyo kwa nusu ya bei kwa sababu ya ukongwe, bado inapita mara mbili ya ile elfu kumi, kabla hujahesabu chuma chenyewe. Hiyo ndiyo faida ya kupima. Tangi likiwa la duara lililosimama, zidisha nusu ya upana wake kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina. Likiwa limelala, hesabu ni ngumu kidogo. Ni rahisi zaidi kuhesabu mitungi wakati wa kuvuta.

Nne, vuta kutoka juu

Tumia pampu ya mkono. Usivute kwa mdomo, hata kama umeona madereva wakifanya hivyo tangu utotoni. Dizeli au mafuta taa yakiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya wa mapafu, na tone dogo linatosha. Aliyemeza asitapishwe, maana wakati wa kutapika ndipo mafuta huteremka mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Sisi wa huku tuna ya Port Reitz.

Funga mpira wa kuvutia kwenye fimbo ili mdomo wake usifike chini ya kile kiwango ulichopanga. Vuta pole pole. Ukivuta kwa pupa unavuruga chini na kila kitu kinachanganyika. Fanya kazi asubuhi, mahali penye hewa, bila sigara, bila jiko la makaa karibu, na simu iwekwe mbali. Weka ndoo mbili za mchanga na mtungi wa zimamoto wa unga. Moto wa mafuta hauzimwi kwa maji. Maji hupita chini ya mafuta na kuyasukuma yaende kuwasha pengine.

Yatie kwenye mapipa au mitungi safi ya lita 20, uandike juu yake yaliyomo. Kamwe usiyaweke kwenye chupa za soda. Watoto hunywa, na si hadithi ya kutungwa.

Tano, yaache yatulie, kisha yachuje

Siku mbili za kutulia hufanya kazi kubwa kuliko chujio la bei ghali. Baada ya hapo pitisha kwenye kitambaa kinene kisicho na nyuzi zinazotoka, kisha kwenye filta ya dizeli inayotenganisha maji. Rudia kupima kwenye chupa ya kioo. Yakiwa angavu, yanafaa. Yakiwa na ukungu kama maji ya mchele, bado yana maji. Yakiwa meusi na yenye harufu chungu hata baada ya kuchujwa, yamechakaa. Yahesabu pamoja na ya chini.

Na hata yaliyo angavu yana mahali pake. Dizeli huanza kuzeeka baada ya miezi sita hadi mwaka, kwa hiyo ya miaka mingi usiitumie peke yake. Changanya sehemu moja ya zamani na sehemu tatu au nne za mpya, uitumie kwenye injini ngumu za kizamani: mashine ya kusaga, pampu ya maji, jenereta kuukuu. Usiitie kwenye gari la kisasa. Sindano za injini hizo ni nyembamba mno. Halafu kuna jambo la salfa: nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015, na tangi lililojazwa kabla ya hapo lina dizeli ya aina nyingine, ambayo huharibu vifaa vya kusafisha moshi vya magari mapya. Usiitie kwenye taa wala stovu ya mafuta taa, itatoa masizi na kuwalisha moshi walio ndani.

Wala usifikirie kuichanganya na kuiuza. Biashara ya mafuta inahitaji leseni ya EPRA, na kuchakachua ni kosa chini ya Sheria ya Petroli ya 2019. Serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018 kwa sababu ya uchakachuaji huo huo, na maskini wanaopikia mafuta taa ndio wanaoulipa mpaka leo. Kila mjanja mmoja wa kuchanganya ametuachia sote bili.

Tangi tupu ndilo la kuogopwa

Hapa ndipo ninapomkatalia mnunuzi wa vyuma. Watu wengi hudhani tangi likiisha mafuta hatari imeisha. Tangi lililojaa lina mafuta mengi na hewa kidogo. Tangi "tupu" lina utando wa mafuta kwenye kuta na limejaa hewa, na hivyo viwili vikikutana na joto ndivyo bomu lilivyo. Moto wa gesi wa kukatia chuma unafika nyuzi 3,000. Chuma kinapopata joto, utando ule wa dizeli uliokuwa mpole unageuka mvuke, na mvuke hauna pa kutokea isipokuwa kwa fundi aliye mbele yake. Kabla ya kukata, tangi linapaswa kuoshwa, kupitishwa hewa na kupimwa gesi kwa kifaa. Hiyo si kazi ya kufanyiwa kwenye ua wa nyumba yenye wapangaji.

Na mtu asiingie ndani. Kutu hula hewa. Tangi la chuma lililofungwa muda mrefu linaweza kuwa na oksijeni kidogo mno, na hakuna harufu ya kukuonya. Anayeingia anazimia, anayemfuata kumwokoa anazimia juu yake. Ni yale yale ya visima na vyoo vya shimo ambayo tumeyasikia mara nyingi.

Nchi hii imekwisha kulipa gharama ya mafuta yanayookotwa bila kufikiri. Sachang'wan, 31 Januari 2009, watu waliokuwa wakichota mafuta ya lori lililopinduka waliteketea, zaidi ya 100 wakafa. Sinai, Nairobi, 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka bomba yakashika moto katikati ya makazi, wakafa takriban 100. Walikuwa watu walioona riziki ikitiririka. Siwalaumu. Nasema tu kwamba mafuta ya bure huwa na bei, na tangi la nyuma ya nyumba halina tofauti ila kwa ukubwa.

Ya chini yaende wapi?

Lile tope la lita mia na ushei, pamoja na maji yake, ndilo deni. Nimeona likimwagwa mtaroni usiku. Nimeona likimwagwa chooni. Nimeona oili chafu ikipakwa kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa, na kumwagwa njiani kutuliza vumbi. Yote hayo hurudi kwetu. Mitaro ya Kipevu haiendi mbali. Inateremka kwenye ghuba ya Port Reitz, kwenye mikoko ambamo samaki na kamba huzaliana. Mwaka 1988 mafuta yalimiminika kwenye kijito cha Makupa na kuua mikoko, na 2005 meli ya mafuta ikamwaga mengine Port Reitz. Wavuvi hawahitaji kusomewa ripoti kuyajua hayo. Na sisi tusiopata maji ya mfereji kila siku tunakunywa ya visima. Mafuta kidogo sana yakifika kwenye maji ya kisima, huwezi tena kuyanywa, na hakuna dawa ya kutia.

Udongo hausahau. Jirani zetu wa Owino Uhuru wanajua risasi iliyoingia ardhini na hewani kutoka kiwanda kilivyowafanya, na mahakama ya hapa Mombasa mwaka 2020 iliamua walipwe Sh1.3 bilioni. Sisemi tope la dizeli ni sawa na risasi. Nasema kumwaga ni dakika moja, kusafisha ni miaka.

Kanuni za taka za mwaka 2006 zinahesabu mafuta machafu kuwa taka za hatari, zinazobebwa na mwenye leseni ya NEMA tu. Kwa hiyo tia lile tope kwenye pipa lisilovuja, lifunike, liandike, liweke mbali na mvua, kisha uombe ofisi ya NEMA ya kaunti ikuelekeze kwa wabebaji wenye leseni. Akija, dai karatasi ya kuonyesha amechukua kiasi gani na anakipeleka wapi. Karatasi hiyo itakulinda siku mnunuzi wa kiwanja atakapouliza.

Wenzetu wa nchi za baridi wanaijua hesabu hii vizuri. Katika jimbo la Maine, Marekani, ambako siku hizi wanaishi Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta ambayo ni ndugu wa dizeli, yaliyotiwa rangi nyekundu kwa sababu hayalipiwi ushuru wa barabara. Tangi la kawaida, la lita elfu moja hivi, hukaa chumba cha chini ya nyumba. Mtu akibadili mtambo wa joto, anakutana na swali lile lile la warithi wa Kipevu: nani atachukua ya juu, na nani atalipia ya chini? Tofauti ni kwamba huko swali la pili huulizwa kabla nyumba haijauzwa.

Na sisi tuliulize. Yule dada alikataa elfu kumi. Lita 326 zilipelekwa kwa mdogo wake mwenye mashine ya kusaga mahindi Mariakani, azichanganye kidogo kidogo na mpya. Tope lilitiwa mapipani, likachukuliwa na mwenye leseni, na tangi likabebwa zima, bila kukatwa uani. Kumlipa mbebaji kulipunguza faida, ndiyo, lakini faida ilibaki, na kisima cha uani bado kinanyweka.

Kama una tangi la namna hii, kanuni ni fupi. Pima kabla ya kutaja bei. Vuta kutoka juu. Usikate, usiingie. Na yeyote anayetaka ya juu, mwambie kwenye makubaliano, mbele ya mashahidi, kwamba ya chini nayo ni yake mpaka yafike yanakotakiwa. Akikataa sharti hilo, ujue alikuja kuchukua mali na kukuachia deni.